Swali la Arobaini na Moja Hadi la Hamsini

Nilianza kujifunza Kiingereza darasa la tatu, na hadi leo mimi nacho bado tunasalimiana tu. Sisemi hivyo ili mtu acheke. Nilikisoma shule ya msingi, nikakisoma sekondari, nikakisoma chuo cha uhazili, halafu nikiwa mtu mzima mwenye mvi za mbele nikaanza kukisoma upya, kwa sababu kila kazi ya serikali niliyoomba ilikuwa na usaili wa kuandika, na kila usaili wa kuandika ulikuwa na Kiingereza ndani yake. Nimechoka nacho. Kingekuwa ni ndugu niliyekaa naye miaka yote hiyo bila kuelewana, ukoo ungeshaitisha kikao.

Kazi niliyoitafuta ni ya mwandishi mwendesha ofisi, ile ambayo watu wengi bado wanaiita katibu muhtasi. Unapokea wageni, unachapa barua, unatunza majalada, unapanga safari za mkubwa. Barua zenyewe zinaandikwa kwa Kiswahili. Majalada yana vichwa vya Kiswahili. Mgeni akiingia anasema shikamoo au habari za kazi, kutegemea anavyokuona. Nimeingia ofisi nyingi za mji huu wa Morogoro na sijawahi kumsikia mhazili akiulizwa na mgeni kinyume cha neno "reluctant". Lakini mlangoni ndivyo wanavyouliza, na asiyejibu haingii.

Kwa miaka saba nimekuwa nikichapa kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Msamvu. Si yangu, nimeajiriwa kwa maneno ya mdomo, na mwenye nayo anaweza kuifunga kesho asubuhi akauza viatu. Nawachapia vijana barua za kuomba kazi, nawapandishia vyeti kwenye mfumo wa maombi, nawakumbusha kugonga mhuri wa mwanasheria. Wanasimama nyuma ya kiti changu wakinielekeza mambo ambayo mimi ndiye ninayeyajua. Wengi wao wameitwa, na baadhi wamepata. Hupita mbele ya duka na mabegi yao wakienda kupanda basi la kuripoti kituo cha kazi, wananipungia mkono. Nafurahi kwa ajili yao, na siku hiyo sina hamu ya chakula.

Kila tangazo lina sentensi ileile: mwombaji awe na umri usiozidi miaka arobaini na mitano. Nilipokuwa na thelathini na minane niliisoma kama habari ya watu wengine. Nilipofika arobaini na miwili nilianza kuiruka, nikawa nateremka moja kwa moja hadi kwenye sifa. Tangazo ninalotaka kulisimulia lilitoka nikiwa na arobaini na mitano kamili, usaili ulipangwa Agosti, na Septemba ningeingia arobaini na sita. Hakuna aliyehitaji kunipigia hesabu. Baada ya hapo mfumo usingenipokea tena, hata kama ningejua kamusi yote kwa moyo.

Kundi letu la mazoezi lilikuwa la watu watano, wote wahazili, wote tumeshakosa zaidi ya mara moja. Tulikutana Mazimbu kila Jumamosi mchana, barazani kwenye nyumba alimopanga binti wa miaka ishirini na sita, mdogo kuliko sisi sote na mwenye Kiingereza kizuri kuliko sisi sote, jambo ambalo ilituchukua muda kumsamehe. Walikuwepo mawifi wawili kutoka Kihonda, waliokuja pamoja na kuondoka pamoja huku wakibishana njia nzima. Na alikuwepo mwenyekiti, mwanamume pekee kati yetu, aliyekuwa ameshakaa kwenye usaili mara tisa na akizitaja hizo mara tisa kama mtu anayetaja vyeo vyake.

Mwenyekiti ndiye aliyeanzisha saa ya Kiingereza. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi ilikuwa marufuku kusema Kiswahili. Matokeo yake ikawa saa ya kimya. Watu wazima watano, wenye familia na vitambulisho vya taifa, tumekaa mkekani tunatazamana. Aliyetaka maji alionyesha kikombe. Siku moja nyoka mdogo alipita ukutani nyuma ya wifi mkubwa, na mimi niliyemwona nikashindwa kupanga sentensi, nikamvuta tu mkono. Nyoka akaenda zake. Ilipotimu saa kumi tulisema wote kwa mpigo, na jambo la kwanza lilikuwa wifi mkubwa kuniuliza kwa nini nilitaka kumng'oa bega.

Nyumbani nilibandika maneno ukutani juu ya jiko, kumi kila siku, nikawa nayasoma huku nakoroga. Mvuke wa maharage uliyakunja makaratasi ya upande wa kulia, kwa hiyo maneno ya kushoto ndiyo niliyoyajua zaidi. Kilichonichosha hasa ni sarufi. Vitabu vyote vya mazoezi vilijaa theluji, treni zilizochelewa, na bwana mmoja ambaye angalikuja kama angalijua, na angalijua kama angaliambiwa. Nilimchukia yule bwana. Nilimaliza zoezi la kwanza hadi la sitini na kurudia tena, na kila asubuhi nilikuta robo ya jana imeondoka. Kichwa cha miaka arobaini na mitano kinapokea mgeni, lakini hakimpi kitanda.

Ila kidogokidogo kiliingia. Ilipofika Julai nilianza kuyaona majibu kabla sijamaliza kusoma maswali. Binti wa Mazimbu alinipima siku moja kwa maswali arobaini, nikapata thelathini na saba, akanitazama, akasema, "Anti, sasa umeiva." Nilijifanya sijasikia ili aseme tena, na akasema tena.

Sasa nieleze habari ya kubeba, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka. Karatasi ya maswali ya usaili haitoki ukumbini. Inahesabiwa na kukusanywa, na ukitaka kujua waliuliza nini lazima utoke nayo kichwani. Mwenyekiti akatupangia utaratibu. Maswali ni hamsini, sisi ni watano, kila mtu anabeba kumi. Tukitoka tunakaa mahali nje ya geti, kila mmoja anayatema ya kwake, na yanaandikwa kwenye daftari la kundi ili yatufae usaili unaofuata. Daftari lenyewe lilikuwa nene, lina maswali ya miaka minne, limeshonwa upya mara mbili. Na sheria ya kubeba ilikuwa moja tu: beba kwanza, jibu baadaye. Ukifungua karatasi unaanza na kumi yako, kabla kichwa hakijavurugika. Ukishayaweka sawa ndipo unarudi swali la kwanza na kujibu kama watu wengine.

Kumi ya mwisho yalikuwa yangu. Hakuna aliyenifikia kwa kubeba. Wenzangu walirudia maneno mdomoni hadi yakachanganyika. Mimi niliyapandisha mlimani. Kwetu ni Matombo, na kutoka pale gari linapoishia hadi kwa mama ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, njia ninayoijua hata nikifumba macho. Basi kila swali nililiacha mahali pake kwenye njia hiyo: la kwanza kwenye ngazi za misheni, linalofuata kwenye kidaraja cha magogo, jingine kwenye mfenesi uliopinda, jingine kwa fundi cherehani, hivyohivyo nikipanda, hadi la mwisho mlangoni kwa mama. Nikitoka ukumbini napanda tena, naokota moja moja. Sikuwahi kupoteza hata moja, hata nukta.

Jumamosi ya mwisho kabla ya usaili, mwenyekiti alikohoa kidogo, akaniambia, "Dada, safari hii wewe usibebe. Jibu, toka, basi. Hayo kumi tutagawana sisi."

"Mtagawana vipi?" nikamwuliza. "Mara iliyopita kuna mtu hapa alisahau manne kati ya kumi."

Wifi mdogo akatazama pembeni. Binti akasema kwa upole, "Anti, mwenyekiti anasema kweli. Huu si ndio wako wa mwisho?"

"Ndiyo maana nataka niwaachie kitu."

Ilisikika vizuri, na mwenyekiti akaniachia kumi ya mwisho. Haikuwa kweli, au ilikuwa kweli nusu. Kwenye kundi lile nilikuwa mkubwa kwa umri na wa mwisho kwa alama, na kubeba ndiyo kazi pekee ambayo walinihitaji mimi na si mwingine. Sikutaka kuitoa. Nilikuwa na kiburi nayo, na kiburi cha mtu aliyechoka ni kigumu kuliko cha mtu mwenye nguvu.

Usaili ulifanyika hapahapa Morogoro, ukumbini, saa mbili asubuhi. Niliwekwa dirishani. Tulipewa saa moja. Msimamizi aliposema tufungue, wa pembeni yangu walianza na swali la kwanza. Nikaenda moja kwa moja swali la arobaini na moja.

Yalikuwa ya Kiingereza yote kumi. Maneno na sarufi. Moyo ulinirukaruka kwa furaha, kwa sababu lile la kwanza tu lilikuwa "reluctant", kusitasita, na kinyume chake nilikuwa nimekipikia maharage wiki nzima. Nikaliweka kwenye ngazi za misheni. La pili nikaliweka kwenye kidaraja. Lilikuwepo hata la yule bwana ambaye angalikuja; nikamketisha kwa fundi cherehani na karibu nimpe mkono. Kila swali nililosoma nilijua jibu lake, na kila jibu nililiacha palepale pamoja na swali, kama unavyoacha mzigo mahali unapojua utarudi. Nilipolifikisha la hamsini mlangoni kwa mama nilikuwa nimetumia dakika kumi na mbili. Nikarudi swali la kwanza.

Maswali ya kazi za ofisi niliyajibu taratibu. Nilipomaliza la arobaini nilitazama saa ya ukutani, nikaona nina dakika kumi na tano. Nikarudia la kwanza hadi la arobaini, nikasahihisha mawili. Kisha nikaweka kalamu chini. Nakumbuka utulivu nilioupata. Dirishani milima ya Uluguru ilikuwa na ukungu nusu yake ya juu, na mimi nilikaa mikono imekunjwa, mtu aliyemaliza kazi yake mapema. Dakika saba nzima nilikaa hivyo. Msimamizi akaja akachukua karatasi zangu, nikamwambia ahsante.

Nje ya geti tulikaa kwenye ukingo wa mtaro uliokauka. Mwenyekiti akatoa daftari. Akatema kumi yake, wakafuata mawifi, wifi mdogo safari hii akakosa moja tu. Binti akatoa kumi yake bila kusitasita hata kidogo, na mwenyekiti akacheka akisema, "Hili lilikuja mwaka juzi, na hili pia. Wanarudia hawa." Ikafika zamu yangu. Nikapanda mlima. Nikayatoa yote kumi, pamoja na herufi za majibu ya kuchagua, kwa mpangilio wake. Wifi mkubwa akapiga kofi moja dogo mapajani.

Binti akauliza, "Anti, lile la 'reluctant' umeweka ipi?"

"C," nikasema.

Na nikiwa bado nasema C nikajaribu kuuona mkono wangu ukiweka hiyo C kwenye karatasi ya majibu, nikashindwa. Niliiona ngazi ya misheni. Niliona swali limekaa pale na jibu lake pembeni. Karatasi ya majibu sikuiona. Nikajaribu la pili, nikaona kidaraja. Nikajaribu yote hadi mlangoni kwa mama. Niliona njia yote ya kwetu imejaa maswali niliyoyajua, na kwenye karatasi ile, chini ya arobaini, hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeyabeba. Kichwa kikadhani kuyabeba ndiyo kuyajibu.

"La arobaini na mbili?" akauliza mwenyekiti, kalamu tayari.

"A."

Waliniuliza yote kumi na nikawajibu yote kumi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Mwenyekiti aliandika kila jibu na kulipigia mstari, akasema, "Dada, hayo kumi umemaliza, hayo ni alama ishirini za bure." Nilisema tumshukuru Mungu. Nilitamani ardhi inimeze na pia niliona njaa, vyote kwa pamoja. Kisha tukaachana.

Kesho yake niliomba ruhusa dukani nikapanda kwetu. Sikuwa na sababu, nilitaka tu kuwa mahali ambapo hakuna anayejua Kiingereza. Sikufikiria vizuri. Gari liliniteremsha pale linapoishia, nikaanza kutembea, na kwenye ngazi za misheni nikalikuta swali la arobaini na moja. Lilikuwepo lote, na C yake. Kwenye kidaraja nikalikuta la pili. Nilijaribu kuimba, nikajaribu kuhesabu migomba, haikusaidia. Fundi cherehani alikuwa nje anatia uzi, nikamwamkia, akaniuliza habari za mjini, na mimi nilikuwa nasikia jinsi yule bwana angalikuja kama angalijua. Nililia kuanzia hapo hadi karibu na nyumbani. Nilikuwa peke yangu njiani, kwa hiyo nililia kwa sauti.

Mama alikuwa anaanika mdalasini. Ana miaka sabini na kitu na bado anapanda na kushuka mteremko ule haraka kuliko mimi. Aliniona macho yangu, akanipa kigoda, akaendelea kupanga maganda yake juani. Alipomaliza safu ndipo akauliza.

"Umejibu maswali yao?"

"Nimejibu arobaini."

"Arobaini ni mengi."

"Yalikuwa hamsini, mama."

"Na hayo kumi?"

"Niliyabeba."

Akaacha mdalasini, akanitazama. "Uliyabeba unayapeleka wapi?"

Nilimweleza habari ya kundi, daftari, na sheria ya kubeba kwanza. Nilimweleza kwamba sasa umri umeisha. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni nadra. Kisha akasema kwamba yeye alipokuwa na arobaini na sita alikuwa anateremsha mikungu miwili ya ndizi hadi barabarani na kurudi kupika, na wangemwuliza umri angewaonyesha mgongo. Kwetu shamba linakwenda kwa upande wa mama, na lile shamba ni langu tangu nizaliwe bila usaili wowote. Hakulitaja. Nilimshukuru moyoni kwa kutolitaja, kwa sababu angelitaja siku ile ningeona amenipa hukumu. Alinipikia magimbi, nikalala mchana kama mgonjwa, nikashuka jioni.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Sikuhitaji kuambiwa, lakini niliyafungua mwenyewe kwenye kompyuta ya duka, mteja mmoja akiwa amesimama nyuma yangu anasubiri kopi za cheti chake cha kuzaliwa. Waliovuka kwenda usaili wa mahojiano walianzia alama sabini. Mimi nilikuwa na sitini na sita. Kila swali lilikuwa na alama mbili. Yaani nilihitaji mawili tu kati ya kumi yale. La ngazi za misheni na la kidaraja, basi, mengine yote ningeyaacha mlimani. Nilimtolea mteja kopi zake, nikampa na bahasha.

Wifi mkubwa alivuka kwa sabini na sita. Wifi mdogo na mwenyekiti walikosa. Binti wa Mazimbu alivuka kwa sabini na mbili, na usaili wa mahojiano ukapangwa Dodoma, wiki ya tatu ya Septemba. Mwenyekiti alinipigia simu kunipa pole. Alisema haelewi, kwa sababu kumi ya mwisho nilipata yote, basi hayo mengine niliyakosea wapi. Nilimwambia labda ya ofisi yalinichanganya. Akasema, "Na wewe ndiye mtu wa ofisi." Nikasema ndiyo maana yake.

Septemba niliingia arobaini na sita siku ya Jumanne. Alhamisi yake umeme ulikatika Msamvu kuanzia asubuhi, nikawa nimekaa mlangoni mwa duka bila kazi, na binti akaja. Aliniamkia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha sketi. Alitaka nimfanyie mazoezi ya mahojiano, kwa kuwa wasailiwa huanza kwa kujieleza kwa Kiingereza mbele ya watu watatu au wanne, na yeye akisimamishwa mbele ya watu sauti humpotea. Nilimwambia tuanze. Hakuanza.

"Anti," akasema, "wewe yalikushinda yapi? Mimi nilikupima mwenyewe. Haiwezekani."

Nilikuwa nimewadanganya watu wengi kwa mwezi mzima na nilikuwa nimechoka na hilo pia. Nikamwambia. Nilimweleza ngazi za misheni, kidaraja, dirisha, dakika saba nilizokaa mikono imekunjwa. Nilisema taratibu kama ninayesoma barua ya mtu mwingine. Binti alisikiliza hadi mwisho akiangalia viatu vyake. Nilidhani ananihurumia. Nikajiandaa kumwambia asinihurumie.

"Mimi sikubeba," akasema.

"Hukubeba nini?"

"Kumi yangu. Sikubeba hata moja. Nilipofungua karatasi niliogopa, nikajibu tu mwanzo hadi mwisho. Yale niliyowatajia pale mtaroni niliyatoa kwenye daftari letu, ya mwaka juzi yanayofanana na haya."

Nilikumbuka mwenyekiti akicheka kwamba wanarudia. Nilikumbuka jinsi alivyoandika yote kumi kwa mwandiko wake mzuri, na kuyapigia mstari.

Hasira ilinipanda. Nasema kweli, kwa dakika moja nilimchukia kama ninavyomchukia yule bwana wa kitabuni, zaidi hata. Alikuwa ametuangalia usoni sote wanne na kutuuzia maswali yetu wenyewe. Kisha nilimtazama vizuri. Alikuwa mtoto wa watu aliyeingia ukumbini kwenda kutafuta kazi, akaitafuta. Hakuna aliyempa akili hiyo. Na mimi kundi zima liliniomba nifanye hivyohivyo, tena kwa adabu, nikakataa.

"Utamwambia mwenyekiti?" akauliza.

"Hapana."

"Umenikasirikia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Lakini ulifanya vizuri. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kufanywa."

Akaanza kulia kimyakimya, na mimi nikamwacha alie kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Mtu aliingia akauliza kama kuna laminesheni, nikamwonyesha taa iliyozimika, akaondoka. Binti alipojifuta uso nilimwambia asimame pale katikati ya duka, mikono chini, anitazame machoni, ajieleze kwa Kiingereza kama atakavyojieleza Dodoma.

Akasimama. Sauti ilikuwa ndogo. Alisema jina lake, akasema amesomea wapi, akasema ana umri wa miaka ishirini na sita. Alikosea mahali pawili. Nilimsahihisha, nikamwambia aanze tena mwanzo, na safari hii apaaze sauti, wamsikie.